Mwambie Mkamwana Wako

Jumapili, 21 Novemba 1999

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Baba mkwe hakungoja baraka ya mwisho, alitoka mbio kuokoa mbegu alizoanika uani, na watu wakacheka, maana Mzee Otto si mtu wa kukimbia. Tulipofika nyumbani Lizaboni tulimkuta barazani, shati limemganda mgongoni, mbegu zimepona.

Nikapiga goti. "Mama, nisalimie Baba."

Mama Kunegunda, mama mkwe wangu, akamgeukia: "Baba Sixbert, mkamwana anasema shikamoo."

Mzee ananisikia. Yuko karibu yangu kiasi cha mimi kunusa lile shati bichi. Lakini alimtazama mkewe, akasema, "Mwambie mkamwana wako, marahaba. Na mwambie jana alitia chumvi kama anayehifadhi samaki."

"Baba anasema marahaba," Mama akaniambia. "Anasema mkono wako wa mboga ni mzito kidogo, lakini amekula."

Hii ndiyo nyumba niliyoolewa. Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, kwetu mkwe unamheshimu lakini unaongea naye. Ukoo huu wa Kingoni umeshikilia mila ambayo wenzao wengi hapa mjini wameshaiacha. Mkamwana na baba mkwe hawasemeshani hata neno moja mpaka mzee amfungue mdomo. Anamkabidhi jembe jipya mbele ya mwanawe, anamwomba maji ya kunywa, basi, kifungo kimeisha. Kinachokosekana ni huyo mwana. Shirika alilofanyia kazi Sixbert liliuzwa mara baada ya harusi yetu, wakapunguzwa wengi naye akiwemo, akafuata wenzake Tunduru kwenye machimbo ya vito. Atarudi barabara ikikauka. Mpaka hapo kila neno kati yangu na mzee linapita kwa Mama, naye hulichuja kama togwa kabla ya kukumiminia.

Naandika humu kwa sababu nina mdomo mrefu na nyumba hii imenipunguzia watu wa kuutumia.

Jumatano, 24 Novemba

Tumepanda mahindi shambani kwetu Ruhuwiko. Mgongo si wangu tena.

Alhamisi, 2 Desemba

Daktari Polikarp, aliyefungua zahanati yake tangu serikali iruhusu watu binafsi, amenunua kompyuta na kunipa kazi ya kumwandikia programu. Alisema anaitaka kabla masika hayajaisha. Nikasema haitafika hata Februari. Mimi na mdomo wangu.

Programu yenyewe ni madirisha matatu kwenye kioo. Dirisha la mapokezi, dirisha la daktari, dirisha la stoo ya dawa. Mgonjwa akiandikishwa mapokezi, la daktari lijue. Daktari akiandika dawa, la stoo lijue. Nimeyajenga kwa haraka, kila dirisha likimjua mwenzake kwa jina na kumwingilia ndani. La daktari linanyoosha mkono mpaka kwenye kisanduku cha stoo na kubadilisha namba lenyewe, bila hodi. Leo nilibadilisha jina la kisanduku kimoja tu, madirisha yote matatu yakagoma. Nikifunga la stoo, la mapokezi linakufa nalo. Dorine, muuguzi anayegawa dawa pale, aliniuliza kama ndivyo vyuo vya Dar vinavyofundisha. Nilicheka lakini iliniuma.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mama alitaka kuvaa viatu vyake vya kanisani kwenda kutazama gwaride, miguu ikakataa kuingia. Ameenda na kandambili. Anasema viatu vimenywea kwa mvua.

Jumanne, 14 Desemba

Nimebomoa yote na kuanza upya. Sasa hakuna dirisha linalomjua mwenzake. Katikati nimeweka sehemu isiyoonekana kwenye kioo, nimeiita Mjumbe. Dirisha la mapokezi likiwa na habari linamwambia Mjumbe, "Mgonjwa amefika," basi, linarudi kwenye shughuli zake. Haliulizi nani atasikia. Mjumbe ndiye anayejua habari ipi ni ya nani, naye huipeleka. Nikitaka kesho kuongeza dirisha la nne, sigusi yale mengine, namjulisha Mjumbe tu kwamba kuna mgeni naye anataka kusikia.

Nilimweleza Mama jikoni, maana aliniuliza mbona nimerudi nikiimba. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta maharage.

"Kwa hiyo umenitia mimi kwenye kompyuta."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyo mjumbe wako, anakaa chini saa ngapi?"

"Hakai, Mama. Ni kompyuta."

"Ee. Basi ndiye mimi kweli," akasema, tukacheka sana, mpaka Baba akauliza kutoka barazani kuna nini. Mama akamjibu kwamba mkamwana amepata akili ya kazi yake. Baba akasema, mwambie mkamwana wako akili hiyo aitumie na kwenye chumvi. Mama akaniambia, "Baba amefurahi." Yote mawili nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, lakini ninampenda kwa kunitafsiria hata ninayoyasikia.

Jumapili, 19 Desemba

Daimu amepita. Ni mshirika wa Sixbert machimboni, Myao wa Tunduru, ana upole wake. Amekuja kununua koleo na spea za pampu, akaleta salamu na kitenge. "Shemeji, mwenzangu hajambo, alhamdulillahi, ila jiwe bado linatukimbia. Na mimi nawahi kurudi. Mvua ikishashika, ile barabara haimjui mtu. Tutaonana kiangazi, inshallah."

Mama alimtuma neno kwa mwanawe: "Mwambie asihangaike na sisi. Huku wote wazima."

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Mama hakwenda misa ya mkesha, alisema mvua. Asubuhi alipanda kilima cha kanisa akisimama mara kwa mara na kujifanya anasalimia watu. Niligundua kwamba wengine hakuwafahamu kabisa.

Jumamosi, 1 Januari 2000

Mwaka uliopaswa kuua kompyuta zote duniani umefika. Nimekwenda zahanati, nimewasha, imewaka. Baba aliuliza kupitia Mama kama imelipuka. Nikasema hapana. Nadhani alisikitika kidogo.

Jumatano, 12 Januari

Leo siandiki habari za madirisha.

Tulikuwa Ruhuwiko tukipalilia, mimi na Mama. Aliinama, akainuka, akashika kifua, akakaa chini kwenye matope bila kuchagua mahali. Mdomo wazi, anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia. Nilitupa jembe. Nilipomvua kandambili nikabonyeza mguu wake kwa kidole, na kidole kikaacha shimo. Shimo lile halikurudi. Nimekaa zahanati muda wa kutosha, nimesikia wanaulizana maswali gani wakiona miguu ya namna hiyo.

"Mama, hii si viatu kunywea. Kesho tunakwenda kwa Daktari Polikarp."

"Kesho tunapalilia."

"Mama."

"Noela, mimi nina mwenyewe. Siwezi kujipeleka hospitali kama mjane. Baba yako akisema niende, nitakwenda."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie mimi nimesema. Mwambie mkamwana anaomba akupeleke, naomba kwa magoti. Mweleze na miguu, na pumzi, yote."

Akaniangalia kwa macho yale ya kumtuliza mtoto. Ninajua anaogopa. Dada yake mkubwa, Lidwina, alipelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake na akarudishwa kwenye gari la matanga. Tangu hapo jina la hospitali halitajwi hapa wakati wa chakula.

Jioni niliwaacha barazani kwa makusudi, nikakaa jikoni nikijishughulisha na masufuria. Nilisikia sauti zao, sikusikia maneno. Mama aliporudi alijipangusa mikono kwenye khanga.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa, mtakwenda. Ila tungoje palizi iishe. Mahindi yakimezwa na majani, amesema, hata hospitali tutakwenda na njaa."

Palizi! Mtu anakosa pumzi, yeye anawaza majani. Nilitoka nikamkuta barazani, redio begani, anasikiliza bei za mazao. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa na maneno mdomoni. Akainamisha uso, kama desturi inavyomtaka, na mimi nikainamisha wangu, nikapita kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumamosi, 15 Januari

Mvua. Palizi. Mvua.

Jumapili, 23 Januari

Nimemtuma Mama tena. Nimesema, kama tatizo ni shamba, mimi nitapalilia peke yangu na Jumapili nitapalilia, dhambi iwe yangu. Jibu: Baba amenishukuru, lakini anasema magonjwa ya miguu kwao ni ya masika, hupungua jua likiwaka.

Nilikuwa nampenda yule mzee. Nilipenda hata matusi yake ya chumvi. Sasa anapokohoa barazani nasikia kinyaa. Ameanza kunitazama vibaya na yeye. Nikipita na mkoba wangu kwenda zahanati asubuhi ananisindikiza kwa macho mpaka barabarani, macho makali, kama mimi ndiye ninayeiba kitu humu ndani. Labda kwa sababu natoka kwenda kukaa kivulini wakati majani yanaota.

Alhamisi, 3 Februari

Balaa zahanati. Tulikuwa kwenye majaribio. Daktari aliandika kwinini, dirisha lake likauliza kama ipo, likajibiwa ipo. Dorine akaenda kwenye kabati, hakuna hata kichupa. Zilikuwa zimeisha tangu asubuhi na yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwenye dirisha la stoo kwamba zimeisha. Mtoto alikuwa na homa kali. Dorine alikimbia duka la dawa la jirani akapata. Aliporudi hakunisema, na mtu kama Dorine asipokusema ujue umekosea kweli.

Nimeshinda pale nikitafuta. Si dirisha la daktari, liliuliza vizuri. Si la stoo, lilikuwa na jibu sahihi, ila hakuna aliyeliuliza. Ni Mjumbe. Mwezi uliopita nilimfundisha kukumbuka jibu la mwisho la kila swali, ili asiwasumbue wengine kila mara na kioo kisigande. Basi akiulizwa, anajibu yeye mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu yake, kwa haraka na kwa adabu. Na kwa nje huwezi kutofautisha. Umeuliza, umejibiwa, unaondoka umeridhika.

Nimemnyang'anya kumbukumbu. Sasa kila swali lazima lifike kwa mwenyewe na jibu litoke kwa mwenyewe, hata kama kioo kitaganda.

Jumapili, 13 Februari

Mama analala amekaa. Ameegemeza mito na gunia la mahindi ukutani. Amekonda uso na kunenepa tumbo. Nimemwambia, basi kama yeye haendi, daktari aje hapa, Daktari Polikarp amekubali kuja na mashine yake ya presha, anachongoja ni mwenye nyumba aseme karibu, maana hawezi kuingia kwa mzee wa watu kumpima mkewe kwa ruhusa ya mkamwana.

"Nitamwambia baba yako."

Jioni, jibu: "Anasema hao madaktari wa kujifungulia maduka hawaamini. Angekuwa wa serikali, labda." Akanishika mkono, mkono wake wa baridi. "Usimchukie, Noela. Ni mtu wa zamani."

Lakini ninamchukia. Naandika hapa kwa sababu hapa hapiti mtu wa kunichujia. Ninamchukia Mzee Otto na redio yake, na siku Sixbert akija nitamwambia mbele ya baba yake kwamba mzee huyu alimwacha mama yake azame nchi kavu.

Jumapili, 20 Februari

Palizi imeisha. Nimemkumbusha Mama ahadi. Anasema Baba amesema wiki ijayo.

Jumanne, 29 Februari

Ameanguka leo kwenye mlango wa jikoni. Nilisikia sufuria, nikafika, na Baba akafika kutoka upande wa pili, tukainama wote wawili juu yake. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo. Nilitaka kusema "shika mabega," na yeye mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Akashika mabega. Nikashika miguu ile. Egidi, jirani mwenye pikapu, akatupeleka hospitali, matope yakiruka mpaka kwenye shuka.

Daktari wa zamu, kijana mpole, alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akatugeukia sisi wawili, mmoja upande huu wa kitanda na mwingine upande ule.

"Miguu hii imeanza lini?"

Baba alinitazama. Mimi nikamtazama yeye. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake ajibu, na macho ya yule mzee yalikuwa yamejaa hasira kiasi kwamba nilirudi nyuma. Hasira ya nini, nikajiuliza. Mwenye haki ya hasira ni mimi.

"Desemba," nikamjibu daktari.

"Desemba," naye Baba akasema, akimtazama daktari.

"Na mlikuwa mnangoja nini?" Hakuuliza kwa ukali. Alisema ni presha ya miaka, imeuchosha moyo, kuna vidonge, na watu wanaishi navyo wakivianza mapema. Alisema mapema mara mbili. Watafanya wanachoweza.

Alhamisi, 2 Machi

Ana mpira wa hewa puani. Baba hukaa naye mchana, mimi jioni, tunapishana mlangoni bila neno. Leo Mama aliniuliza nani anampikia mzee. Nikasema mimi. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula. Sijui kama anakula, nakuta sahani imefunikwa.

Nilimwuliza, "Mama, mbona hukupiga kelele? Mbona hukumlazimisha?"

Alikaa muda mrefu akitafuta pumzi ya kunijibu. "Maneno ya watu mwanangu ni mepesi. Ya kwako mwenyewe ndiyo mazito kubeba." Halafu akasinzia.

Jumapili, 5 Machi

Mama amefariki alfajiri.

Jumatano, 8 Machi, Jumatano ya Majivu

Tulimzika juzi. Barabara ya Tunduru imekatika kwenye mito, Sixbert hakuweza kufika hata kama habari ilimfika. Udongo wa kwanza, ambao ungekuwa wa mwanawe, ulitupwa na Bakili, mtoto wa ndugu yake Baba. Watani wakaimba na kumwigiza Mama anavyopeleka maneno: mmoja alijifanya mzee, mwingine mimi, wa tatu akikimbia katikati huku akitweta na kufuta jasho. Watu walicheka mpaka machozi, ndiyo kazi ya watani. Mimi nililia tu.

Leo tumepakwa majivu. Baba alikuwa mstari wa wanaume. Alionekana mfupi.

Jumapili, 19 Machi

Waliolala matanga wameondoka wote. Nyumba ina watu wawili wasioweza kusemeshana.

Asubuhi napiga goti mlangoni pa baraza, nasema shikamoo kwa ukuta. Yeye anajibu marahaba akitazama barabara. Akitaka kitu anasimama uani anasema kwa sauti, "Kuku wa nyumba hii wamefungiwa?" Nami nasema kwa sauti jikoni, "Kuku wamefungiwa." Chakula naweka juu ya kigoda nagonga sahani. Akimaliza anagonga na yeye. Hajasema lolote kuhusu chumvi. Nimejaribu hata kuizidisha.

Alhamisi, 30 Machi

Programu imekwisha. Daktari Polikarp amewaita watu waitazame, Dorine akaandikisha mgonjwa, la daktari likajua, la stoo likajua, kila neno likafika kwa mwenyewe. Wakapiga makofi. Dorine aliniuliza mbona sina raha. Nikamwambia nimechoka, naye akanikumbatia bila kuuliza zaidi.

Sikuwa na wa kumweleza nyumbani.

Jumapili, 9 Aprili

Nimeamua. Sixbert akirudi, tutahama au nitarudi kwetu Mbinga peke yangu. Siwezi kuzeeka nikimpikia mtu aliyemwacha mkewe afe kwa sababu ya majani. Jana nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba changu cha kazi, anatazama kompyuta ya kuazima niliyokuja nayo. Aliiangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyemng'ata mwanawe. Kisha akatema mate nje na kuondoka. Na yeye amenichoka, basi vizuri, tumelingana.

Alhamisi Kuu, 20 Aprili

Sixbert amefika. Daimu amemleta kwa lori, siku kadhaa njiani, wakijisukuma kwenye tope. Habari ya kifo ilimfika, lakini mito ilikuwa katikati. Hakuingia ndani. Alikwenda makaburini na mkoba wake mgongoni, akarudi giza likiingia, magoti yamejaa udongo. Nilimwosha miguu. Daimu alisoma dua yake pale uani, akala kidogo kwa heshima, akaenda kulala kwa Waislamu wenzake mjini.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumshtaki baba yake. Sikuweza. Nilimwambia tu, "Nataka tuhame." Akasema, "Baba naye ameniambia anataka uhame." Halafu akasema kwanza tumalize la mila, mzee anifungue mdomo kwa haki, kisha kila mtu aseme lake. Sawa. Nikifunguliwa nitasema.

Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili

Imekuwa leo, barazani. Sixbert kasimama katikati yetu. Baba alivaa koti lake la ndoa, likampwaya. Jembe jipya mkononi. Mimi nimepiga magoti, kikombe cha maji kando, maana neno la kwanza la mzee ni kuomba maji. Ndivyo alivyofanya baba yake, na baba wa baba yake.

Aliweka jembe mbele yangu. Akaniangalia usoni. Sikujua kwamba macho yake yana rangi ya kahawia ya Sixbert.

"Noela," akasema. "Kwa nini hukumpeleka?"

Sixbert akasema, "Baba, maji kwanza."

"Niache. Nimengoja tangu Januari. Noela, wewe ulikuwa ukishinda kwa daktari kila siku ya Mungu. Nilikutumia neno. Nilimwambia mama yako, mwambie mkamwana wako akupeleke kwa daktari wake, miguu hii siipendi. Nilisema palepale barazani. Kwa nini ulikataa?"

Nilisikia sauti yangu inatoka. "Nilikataa nini, Baba?"

"Ulisema ni uzee. Ulisema daktari wako ana wagonjwa wengi wa maana, asisumbuliwe na miguu ya bibi kizee. Nikatuma tena. Ukasema mpaka umalize hiyo kompyuta."

"Mimi, Baba? Mimi niliomba ruhusa yako kwa magoti. Tarehe kumi na mbili, tulipotoka shamba. Akaniambia umesema tungoje palizi iishe."

"Palizi?"

"Kwamba mahindi yakimezwa na majani tutakwenda hospitali na njaa."

"Mwanangu, mimi siku ile nilimwambia acheni shamba lile life."

Sixbert alinitazama, akamtazama baba yake. Hakuna aliyemwona. Mzee aliinama, akakaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye sakafu ya baraza, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nilisema nipalilie peke yangu," nikamwambia.

"Haikunifika."

"Nilisema daktari aje hapa na mashine, unachotakiwa ni kusema karibu."

"Haikunifika. Mimi nilisema Egidi atupeleke kwa gari lake, wewe utangulie kutuwekea nafasi."

"Haikunifika, Baba."

"Nilisema kama unaogopa kuniomba, usiogope, mila tutaivunja, uje uniambie mwenyewe."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Nikatikisa kichwa.

"Akaniambia umesema wewe ni mtoto wa watu, huvunji mila ya wenye nyumba," akasema. "Nikakusifu moyoni. Halafu nikaanza kukuchukia."

"Na mimi nilikuchukia, Baba."

"Nilijua. Hilo ndilo pekee lililonifika."

Alifuta uso kwa mkono wa koti. Aliniuliza kama Mama aliwahi kuniambia kwamba anaumwa, kwa mdomo wake mwenyewe, hata mara moja. Nikafikiri kwa haki. Nikamwambia hapana. Nikamwuliza yeye. Akasema miaka yote ya ndoa hakumbuki.

"Sikumwuliza," Baba akasema. "Nilikuwa namtuma tu. Nikimwona amesimama mbele yangu, namwambia, mwambie mkamwana wako."

"Na mimi hivyo hivyo, Baba."

Akanyoosha mkono akanishika kiganja, kitu ambacho mila haina jina lake, akalia kwa sauti, nami nikalia naye. Sixbert alisimama pale juu yetu akisema, "Baba. Noela. Jamani," akimgeukia huyu, akimgeukia yule, na hakuna kati yetu aliyemhitaji.